Ng'ombe Hahesabiwi, Shangazi

Mpendwa Shangazi,

Nakuandikia nimekaa jikoni kwako, kwenye kigoda chako kile chenye mguu mfupi, na chai imechemka kabla sijamaliza kuchonga penseli. Ungekuwepo ungesema kwa Kirundi chako, "Mwana wanje, acha mbwembwe, weka majani." Nimeshaweka. Sasa tulia nikupe habari, maana jana alikuja mtu kutupa jibu la lile swali lililotutoa jasho sote, wewe kuliko wote.

Swali lenyewe najua hukulisahau: je, wilaya yetu ya Mpanda inafaa kujengewa mitambo ya bayogesi majumbani, watu wapike kwa gesi ya mavi ya ng'ombe, au haifai? Waliouliza walikuwa watu wa mradi. Wakisema inafaa, saruji na mafundi vinakuja kwetu. Wakisema haifai, vinapelekwa mkoa mwingine na sisi tunabaki na mafiga yetu. Kwao lilikuwa swali la kwenye makaratasi. Kwako lilikuwa swali la macho.

Mimi nayajua macho yale. Nilikuja kwako hapa Mwamkulu nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki, na kazi ya kwanza uliyonipa ilikuwa kukufuata porini kuleta kuni. Ulitangulia na mzigo kichwani ukiimba nyimbo za kanisani, na ukisikia nimenyamaza nyuma yako ulijua nimechoka, unaanza kunichokoza: "Mrundi gani wewe unashindwa na vijiti? Wenzako tulivuka mpaka tumebeba wazee mgongoni!" Jioni ulikaa mbele ya mafiga ukipuliza, machozi yanakutiririka, unajifuta kwa ncha ya kitenge. Nilipokuwa mdogo nilidhani unaililia Burundi. Baadaye mganga wa zahanati akakuambia moshi ndio unaoyamaliza macho yako, na kwamba ukiendelea hivyo itafika siku utapapasa ukuta kutafuta mlango. Ukamuuliza, "Sasa nisipike?" Akakupa dawa ya kupaka.

Ndiyo maana uliposikia redioni habari za mitambo hii hukungoja mtu. Ulichukua jembe ukaanza kuchimba shimo nyuma ya zizi, ukakata migomba minne, tena miwili ikiwa na mikungu. Watu walidhani umerukwa na akili. Mzee Masunga, jirani yetu Msukuma na mtani wako wa kudumu, alisimama kwenye ua akauliza, "We mama, unamchimbia nani kaburi kubwa hivyo?"

"Wewe," ukamjibu bila kuinua kichwa. "Nimekupima kwa macho. Usipotosha tutakukunja."

Basi mimi ndipo nilipotoka chuo cha kilimo, na mradi ukaniajiri kuwa mhojaji. Ulifurahi mpaka ukachinja jogoo. Mtoto wa kaka yako ndiye atakayepita nyumba kwa nyumba na fomu, nani tena wa kutuangusha? Mkubwa wetu alikuwa yule tuliyemwita Mhandisi, mtu mpole wa kutoka mbali, aliyekunywa maji ya moto tupu na kumshukuru kila mtu kwa kila kitu. Alinipa fomu, kalamu mbili na onyo moja: "Andika alichosema mhojiwa, usiongeze la kwako."

Swali la nne kwenye fomu lilisema: Una ng'ombe wangapi?

Shangazi, wewe na mimi tunajua kwamba ng'ombe hahesabiwi. Mtu akitaja idadi ya ng'ombe wake hadharani, ni kama amewaita fisi, mbung'o na jicho baya waje pamoja. Mzee Masunga, ambaye ng'ombe wake wakivuka barabara ya Sitalike dereva wa lori huzima injini akalala, alinijibu, "Wawili watatu hivi." Nikaandika watatu. Mwingine alisema, "Wapo wapo tu." Nikaandika wawili. Na wewe, nilipokaa mbele yako na fomu yangu nikijifanya hatujuani, ulinitazama ukasema, "Mungu anajua." Pale nguzoni alikuwa amefungwa ndama mmoja. Nikaandika mmoja.

Nilijua naandika uongo. Ningeweza kumwambia Mhandisi, "Bwana, swali hili kwetu haliulizwi." Lakini niliona aibu. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na viatu vya kufunga kamba, na sikutaka ajue natoka kwa watu wanaoogopa kuhesabu ng'ombe. Nikanyamaza nikawaacha majirani zangu wote wawe maskini kwenye karatasi.

Matunda yake tukayala kwenye mkutano pale shuleni. Mhandisi alisimama mbele ya ubao akasoma kwa masikitiko kwamba, kwa hesabu zilizopatikana, kaya nyingi hazina ng'ombe wa kutosha kulisha mtambo. Tena akaongeza kuwa huku kuni zipo tele, na ni za bure. Kwa hiyo inaelekea Mpanda haifai, na mwisho wa mwezi atapeleka taarifa yake. Nilikutazama ulipokaa kwenye dawati la mbele, magoti yamekufika kidevuni. Ulitembea mpaka nyumbani ukasimama kwenye ukingo wa shimo lako, ndipo ukaniita.

"Kwangu uliandika wangapi?"

"Mmoja, Shangazi."

"Mmoja! Maziwa uliyokunywa humu miaka yote yalitoka kwa huyo ndama?"

"Si wewe uliyesema Mungu anajua?"

"Basi ungemuuliza Mungu!"

Nililia siku ile, nakiri. Nililia kwa hasira na kwa aibu, nikakuambia ukweli wote, kwamba nilijua na nikanyamaza kwa sababu niliwaonea haya. Nilitegemea unipige. Wewe ulikaa juu ya kifusi, ukavua kandambili, ukakung'uta udongo, ukafikiri. Kisha ukasema maneno yaliyobadilisha mambo yote: "Ng'ombe hahesabiwi. Lakini mavi yake nani amekataza kuyahesabu?"

Sikuelewa. Ukaninyooshea karai, lile lenye tobo ulilolikandika kwa lami. "Huu mtambo unakula ng'ombe?" uliniuliza. "Unakula mavi. Sasa kesho asubuhi pita kwa watu ukapime mavi. Karai hilihili moja, kila nyumba. Na wale wasio nayo waandike hawana. Usimpe mtu tamaa ya bure, na usimnyime mtu haki yake."

Nikaanza kupita kila asubuhi, ng'ombe wakishatoka zizini. Shangazi, laiti ungeona nyuso za watu! Walewale waliojikunyata mbele ya swali la nne walinipokea kama bwana harusi. Hakuna mwiko wa kujivunia samadi. Mzee Masunga alinisimamia kwa fimbo nikijaza karai na kumwaga, kujaza na kumwaga, akapaza sauti majirani wasikie: "Jaza vizuri! Usiliache na mwanya, mtanipunja nyie Warundi!" Yalifika makarai kumi na moja, na bado alidai jingine limebaki pembeni kwenye matope. Wanawake waliokuwa na ng'ombe wawili tu wa kufunga nyumbani walinionyesha makarai matatu mazima, wakayapiga piga kwa mikono yaonekane yamejaa. Wengine nilisikitika kuwaandika. Kuna mzee mwenye kundi kubwa ambaye ng'ombe wake hulala porini, mavi yote yanabaki huko, kwake sikupata hata nusu. Kuna nyumba zenye samadi lakini maji yako mbali mno wakati wa kiangazi. Niliandika yote, kama ulivyoagiza, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliandika nilichokiona.

Nilimpelekea Mhandisi daftari na nikamweleza kwa nini hesabu za kwanza zilikuwa za uongo, na kwamba uongo ule ulikuwa wangu. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Hakunigombeza. Alichosema ni kwamba amefanya kazi hii miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwambia jambo hili. Akaitisha mkutano wa pili.

Mkutano ule, Shangazi, nitausimulia mpaka nizeeke. Alikubali kwamba samadi ipo, kwa baadhi ya nyumba. Lakini akabaki na jambo moja: watu wataacha vipi kuni za bure wahangaike na mtambo? Pori lenyewe lile pale, akasema, akionyesha dirishani. Ndipo ulipoinuka. Ulisimama taratibu kwa sababu ya goti lako, ukasogea mpaka mbele ya ubao, ukafungua kilemba chako. Mwanamke wa kanisa, mjane, mbele ya wanaume wote wale! Ukainamisha kichwa mbele ya Mhandisi, akaona utosi wako. Nywele zilikuwa zimeisha, pamebaki mviringo unaong'aa, pale mzigo ulipokaa miaka yote.

"Bure?" ulimwuliza. "Wewe unayesema bure, anayezibeba ni nani?"

Kisha mke wa Mzee Masunga akafungua kitambaa chake. Akafuata mama wa dukani, na aliyekaa nyuma yake, na mwingine, mpaka darasa zima likawa tosi za wanawake zimeinamishwa, na waume zao wanatazama sakafu. Mhandisi alivua kofia yake naye. Sijui kwa nini alivua, labda mikono yake ilikosa kazi. Akasema, "Mama, shimo lako lina kina gani?"

Mafundi walikuja na saruji wakajenga tangi lile la chini, mviringo kama chungu kilichofunikwa, na pipa la kukorogea samadi na maji, na bomba mpaka jikoni. Tulilijaza kwa siku nyingi, wewe ukikoroga kwa mikono mpaka viwikoni huku ukiwakatalia waliokuja na mti wa kukorogea. Siku ya kuwasha ukaalika mtaa mzima. Ukafungua koki, ukawasha kiberiti, njiti ikazima. Ya pili ikazima. Ya tatu ikazima, na harufu ikatuvamia. Mzee Masunga alicheka mpaka akashika nguzo. "Mama amejamba tu!" alisema, na nusu ya wageni wakaanza kuondoka. Fundi alituambia gesi ya kwanza haishiki moto, lazima iachiwe itoke, ije nyingine. Hukujali. Uliwapakulia wageni maandazi uliyoyapika kwa kuni, ukawaambia, "Karibuni tena wiki ijayo. Hata mtoto hazaliwi anatembea."

Wiki iliyofuata haikuhitaji njiti ya pili. Moto ulitoka wa buluu, mfupi, kimya. Uliinama karibu, ukasogeza uso ukingoja moshi, na moshi haukuja. Ukageuka kunitazama, macho makavu, ukapiga kigelegele kimoja kirefu kilichowatoa kuku uani. Mzee Masunga alikuwa ameapa hatakula kilichopikwa kwa mavi. Ulimpa chai, akanywa, akaomba nyingine, akasema anaionja tena kuhakikisha.

Mhandisi hakutoa uamuzi papo hapo. Alisema mtambo lazima upite kiangazi kimoja na masika moja bila kukatika, ndipo aandike kwamba watu wa huku wanaweza kuutunza. Mtambo ukikaa na njaa gesi ikaisha, taarifa yake itabaki ileile ya kwanza. Tangu siku hiyo uliulisha kama mgonjwa. Kiangazi maji yalipopungua ulikinga mkojo wa ng'ombe kwenye ndoo, ukaukorogea. Ukijisikia vibaya ulinipigia kelele kutoka kitandani, "Tangi limekula?" Na jioni ulisoma Zaburi mwenyewe, bila kunipa mimi kitabu nikusomee kama zamani, ukiruka maneno machache tu. Nilikuwa najifanya nachambua maharage ili nikusikilize.

Halafu masika ikaja, na homa ikaja nayo, na siku nne zikatosha.

Sitaandika mengi hapo. Nitakuambia tu kwamba asubuhi baada ya maziko, nikiwa kwenye mkeka na wafiwa, nilikumbuka mtambo. Ulikuwa haujala tangu ulipozidiwa. Niliinuka, wazee wakanikalisha. Unajua mwenyewe: mfiwa hashiki jembe, hakorogi samadi, hafanyi kazi mpaka msiba uanuliwe. Nikawaambia gesi itakatika, Mhandisi atakuja kutoa rambirambi akute jiko limekufa, na kila kitu alichopigania Shangazi kitakwenda naye. Mzee mmoja wa ukoo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, aliyekufa ni mtu, acha chombo." Nikakaa. Nilihisi nakupoteza mara ya pili.

Sasa sikiliza. Kwetu msiba ukitokea, wanawake wa mtaa huja na kuni vichwani. Hiyo ndiyo pole yao, kila mmoja na mzigo wake, unautua uani kisha unalia. Niliwasikia wakija kwa mbali wakiimba, nikainua kichwa nione mizigo. Hapakuwa na kuni, Shangazi. Mbele alikuwa mke wa Mzee Masunga, na kichwani amebeba karai. Nyuma yake mama wa dukani, karai. Nyuma yake wengine, mstari mpaka barabarani, wote na makarai ya samadi mbichi yenye mvuke wa asubuhi. Walipita katikati ya waombolezaji, wakaenda nyuma ya zizi, wakamwaga pipani, wakakunja mikono ya magauni wakakoroga. Mtambo ukala kiasi cha tumbo lake, samadi iliyobaki wakaitandaza migombani kwako. Kisha wakarudi uani, wakanawa, ndipo wakakulilia.

Wamefanya hivyo kila asubuhi mpaka tulipoanua msiba. Masufuria makubwa ya wageni yalipikwa nje kwa kuni walizokusanya wanaume, kwa sababu jiko lako ni la nyumba moja na hatudanganyi. Lakini chai ya wafiwa na uji wa watoto vilipikwa humu ndani, kwa moto wako, na haukuzima hata siku moja.

Siku ya tatu ya msiba Mhandisi alifika. Alisimama mlangoni mwa jikoni na kofia mkononi, akiwatazama wanawake wakikoroga. Aliuliza ni nani aliyewaagiza. Mke wa Mzee Masunga akamjibu, "Hakuna. Nyie si mnataka kujua kama tunaweza?"

Na jana, masika ikiwa imekwisha, akarudi na karatasi, akaisoma shuleni, darasa lilelile. Ameandika kwamba bayogesi inafaa Mpanda, kwa kaya ambazo ng'ombe wake hulala nyumbani na maji yake hayako mbali, na haifai kwa zisizo hivyo, na zisilazimishwe. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilifika Sitalike. Majirani wametengewa mtambo wa pili, wa tatu na kuendelea. Kisha akaniita mbele niwafundishe wahojaji wapya aliokuja nao, vijana wa mjini wenye fomu mikononi. Nikachukua fomu moja, nikaweka kalamu kwenye swali la nne, nikalikata mbele ya watu wote. Nikasema kwa sauti, sikuona haya hata chembe: "Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Huku mnapima karai."

Mzee Masunga akasimama kutoka nyuma, akapiga fimbo chini. "Kwangu kumi na moja," alisema. "Na mwandike kwamba leo nimeanza kuchimba."

Lala salama, Masenge, shangazi yangu. Nimekulilia vya kutosha, leo naona fahari tu, fahari kubwa, na nilitaka uijue. Naenda kumwonyesha mtani wako mahali pa kuweka shimo, maana amelianza karibu mno na nyumba.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako.